Usiinyweshe Injini kwa Chupa

Kuku hawajui siku ya mapumziko. Ukifuga kuku utalijua hilo mapema. Wanakula, wanataga, wanachafua, na asubuhi wanakuita tena.

Kwetu jioni ni saa ya mayai. Mimi nayafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Binti yetu anayapanga kwenye trei, ncha nyembamba ikiwa chini. Mama mkwe wangu anakaa kwenye kigoda na kuinua yai moja moja mbele ya taa, kama hakimu anayetafuta mwongo. Mume wangu anapakia trei kwenye gari, anazifunga kwa kamba, anafunika turubai. Gari linalala limebeba mayai, kwa sababu maduka na shule ya bweni wanayataka mapema, kabla watu hawajanywa chai.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu. Lilikuwa na kasoro moja. Asubuhi, kukiwa na baridi, lilikataa kuwaka.

Magari ya wenzetu yakikataa yanasukumwa. Letu halisukumiki. Gari la kusukuma likiwaka, huruka kwanza kama punda aliyeumwa na nyigu. Tulijaribu mara moja. Siku ile tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni, na mbwa wa mtaa mzima wakaja kutusaidia.

Ndiyo maana tukawa na chupa.

Mdogo wa mume wangu ndiye aliyetufundisha, kabla hajahama. Unafungua boneti. Unaondoa mfuniko mkubwa wa duara ulio juu ya injini. Chini yake unaona mdomo wa chuma. Pale unamimina petroli kidogo kwa chupa, na mtu mwingine anageuza ufunguo. Gari linawaka. Mume wangu alikuwa mtu wa kumimina. Mimi nilikuwa mtu wa ufunguo.

Mwanzoni kifuniko kidogo cha chupa kilitosha. Baadaye robo ya chupa. Mwishoni gari halikuwaka hata siku moja bila kunyweshwa. Nilimwambia mume wangu, "Baba, hili gari limekuwa mlevi. Linaongeza dozi kila siku."

Alicheka. "Bora mlevi anayefanya kazi."

Mimi sikucheka. Kila asubuhi boneti ilisimama mbele yangu kama ukuta. Nilisikia sauti yake tu, uso wake sikuuona. Nilikuwa nikigeuza ufunguo huku nimefumba macho.

Sasa nakueleza asubuhi yenyewe.

Kulikuwa na ukungu. Trei zilikuwa zimejaa. Mume wangu alimimina, akapiga kelele, "Piga!"

Nikapiga. Injini ikazunguka, ikanyamaza.

"Ngoja niongeze. Haya, piga tena!"

Nikapiga. Injini ikakohoa. Kisha ikacheua, kama mtoto aliyenyonya kupita kiasi. Ila mtoto hucheua maziwa. Injini ilicheua moto.

Niliona mwanga kwenye upenyo wa boneti. Nikamsikia mume wangu akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Chupa ilimtoka mkononi, ikaanguka karibu na tairi, na pale chini moto ukaanza kutembea.

Mama mkwe alitoka ndani mbio na ndoo ya maji. "Mwanangu! Mwanangu!"

"Bibi, usimwage!" Sauti ilitoka upande wa pili wa uzio. "Maji hayazimi petroli! Yanaitembeza!"

Alikuwa jirani yetu, mama mwenye gereji pale njia panda. Mtaa mzima unamwita Mama Spana. Aliruka uzio na kanga yake kiunoni, koleo mkononi. Nyumba yetu ilikuwa na lundo la mchanga wa ujenzi. Alichota mchanga, akautupa kwenye moto wa chini, mara moja, mara ya pili, hadi ukafa. Kisha akachukua gunia tupu, akalitosa kwenye ile ndoo ya mama mkwe, akalikamua, akaufunika mdomo wa injini.

"Na wewe mama, zima ufunguo! Umeganda hapo kama sanamu!"

Nikazima. Nikashuka.

Mume wangu alikuwa amekaa chini. Nyusi zimeungua. Nywele za mbele zimejikunja. Kifundo cha mkono kimekuwa chekundu. Mama mkwe alishakuja na dawa ya meno amefungua kizibo.

"Hapana, bibi," Mama Spana akamzuia. "Dawa ya meno ni ya meno. Kidonda cha moto kinataka maji safi ya bomba, yatiririke polepole, kwa muda mrefu. Kisha zahanati."

"Si umesema maji hayafai?"

"Maji kwa mkono, mchanga kwa petroli. Usivichanganye hivyo viwili, bibi, utatuua."

Zahanati muuguzi alimwangalia macho kwanza. Macho yalikuwa salama. Alifunga kifundo cha mkono bendeji na kusema tumshukuru Mungu, maana wengine huletwa wamebebwa. Mayai ya siku ile yalipelekwa na gari la gereji.

Tuliporudi, mama mkwe alimtazama mwanawe usoni, kulia na kushoto. "Huna nyusi hata moja," alisema. "Umekuwa kama yai." Kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia peke yake.

Ungedhani yameisha. Hayakuisha. Mchana mume wangu alikaa kitandani akatazama bendeji yake, akasema, "Kesho nitatumia kopo lenye mdomo mrefu. Nisimame mbali kidogo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Kesho nini?"

"Shule inangoja mayai. Tukikosa tena, watatafuta mtu mwingine. Unataka hivyo?"

"Mimi nataka mume mwenye uso. Kesho sikai kwenye kile kiti."

"Nani atageuza ufunguo?"

"Si mimi."

Akaigusa bendeji yake. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Basi binti atanigeuzia. Si kazi kubwa."

Damu ilinipanda. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa mlangoni. "Sema tena," alimwambia mwanawe. "Mweke mjukuu wangu kwenye kile kiti, uone kama hutanikuta nimelala mbele ya tairi na mto wangu."

"Mama, ni ufunguo tu!"

"Hata huyu alikuwa anageuza ufunguo tu." Akaninyooshea kidole, kisha akanigeukia. "Nenda, mwanangu. Mwite yule mwanamke wa koleo."

Sikuvaa hata viatu vyote viwili.

Mama Spana alikuja alasiri na sanduku lake la vifaa. Kitu cha kwanza, alituamuru tuhamishe jiko la mkaa lililokuwa karibu na ukuta. Cha pili, alifungua waya wa betri. "Gari liko nje, hewa inapita, betri imefunguliwa, moto uko mbali. Sasa tunaweza kuongea. Shemeji, hicho unachokinywesha unakijua jina?"

"Kabureta," mume wangu akajibu. Alikuwa amenuna kidogo.

"Vizuri. Inafanya kazi gani?"

"Inapeleka petroli kwenye injini."

"Nusu jibu. Leteni glasi ya maji na mirija miwili ya kunywea soda."

Binti yetu akaleta. Mama Spana alikata mrija mmoja, akausimamisha kwenye glasi, ncha ya juu ikitokeza kidogo juu ya maji. Mrija wa pili akampa mama mkwe. "Bibi, ushike umelala, mdomo wake uguse ncha ya ule uliosimama. Sasa puliza kwa nguvu. Usipulize kwenye maji. Puliza juu ya ncha."

"Nimekuwa mtoto?"

"Puliza, bibi."

Mama mkwe alijaza mashavu akapuliza. Maji yalipanda kwenye mrija uliosimama, na yalipofika juu yakatawanyika kama manyunyu, yakampata mume wangu usoni.

"Mama!"

"Nimeambiwa nipulize," mama mkwe akasema, akapuliza tena.

Hata mume wangu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

"Mmeona?" Mama Spana alisema. "Hakuna aliyeyasukuma maji. Upepo umepita juu kwa kasi. Pale upepo unapokwenda kasi, shinikizo la hewa linapungua, na maji yanapanda yenyewe. Yakikutana na upepo yanakuwa manyunyu. Hiyo ndiyo kabureta. Mengine ni mapambo."

Aliifungua kabureta kutoka kwenye injini, akaiweka juu ya gazeti. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Kitu cha kushika kwa mikono miwili, na kilikuwa kimekaribia kuniachia ujane.

"Injini inavuta hewa kama mtu anayevuta pumzi," alisema. "Hewa inaingia kwa huu mdomo wa juu. Hapa katikati njia inakuwa nyembamba. Tuiite koo. Hewa ikifika kooni inakwenda kasi. Na hapa kooni kuna mrija, na chini yake kitundu kinachopima petroli, kinaitwa jeti. Petroli inatoka mrijani manyunyu, inachanganyika na hewa, inaingia kwenye injini. Plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, gari linakwenda."

"Petroli yenyewe inatoka wapi?" binti yetu akauliza.

"Swali zuri. Inatoka kwenye tangi, inakuja kukaa kwenye bakuli hili pembeni. Humu kuna boya. Choo chenu cha kuvuta kina boya?"

"Kina. Maji yakijaa linapanda, linafunga."

"Ndugu yake ni huyu. Petroli ikijaa, boya linapanda na kusukuma sindano, sindano inaziba njia. Ikipungua, boya linashuka, njia inafunguka. Kwa hiyo bakuli halikauki, na halifuriki. Na ukikanyaga mafuta kwa mguu, unafungua hiki kibati cha chini, kinaitwa kipepeo. Hewa zaidi, petroli zaidi, mwendo zaidi. Kila kitu kwa kipimo. Hewa ni nyingi sana, petroli ni kidogo. Kwa uzito, petroli kilo moja inataka hewa kilo kumi na tano hivi."

Mume wangu alishangaa. "Kumi na tano? Basi tuseme gari linakula hewa."

"Linakula hewa, petroli ni chumvi tu. Wewe umekuwa unalimwagia chumvi kwa chupa."

"Lakini lilikuwa linawaka," mume wangu hakukubali haraka. "Shangazi yangu aliyekufa angekwambia, dawa ya moto ni moto."

"Kwenye methali, shemeji. Kwenye gari dawa ya moto ni jeneza." Mama Spana hakutabasamu. "Petroli uliyomimina haikupimwa na jeti, haikupimwa na boya. Imejaa kwenye njia ya hewa. Mvuke wake umepanda hadi usoni kwako na kwenye chupa. Injini baridi ikikosea kidogo, moto badala ya kubaki ndani unarudi nyuma, unatokea kwenye mdomo huu huu. Na nani ameinama hapo?"

Mume wangu aligusa mahali nyusi zake zilipokuwa.

"Na ule mfuniko wa duara ungeuzuia moto kidogo. Ni nyumba ya chujio la hewa. Uko wapi?"

Mimi nilimtazama mume wangu. Mume wangu alimtazama mama yake. Mama mkwe alitazama banda la kuku.

"Si mlikuwa hamuutumii," mama mkwe alisema. "Kuku wanaupenda. Una ukingo mzuri wa kunywea maji."

Mama Spana alishika kiuno. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko. Kisha akafungua bakuli la kabureta na kicheko kikamwisha. Akatuita tuone. Chini ya petroli kulikuwa na tope la vumbi, makapi ya chakula cha kuku, na unyoya mmoja mwembamba, mweupe, umelala juu ya kitundu cha jeti.

"Haya," alisema. "Ugonjwa wenu huu hapa. Mliondoa chujio ili iwe rahisi kumimina. Gari likalala wazi karibu na banda. Vumbi na manyoya yakaingia kwa mdomo, yakapita kwenye kitundu cha kupumulia cha bakuli, yakaziba jeti. Jeti ikiziba petroli haitoki. Petroli isipotoka mnamimina. Na ili mmimine, chujio linabaki nje. Mmeelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Dawa yetu ndiyo iliyokuwa ugonjwa.

"Bado," akaendelea. "Nani alifunga huu waya?"

Kwenye mdomo wa kabureta kulikuwa na kibati cha duara, kimefungwa kwa waya ili kisimame wima.

"Mdogo wangu," mume wangu akasema. "Kilikuwa kinazuia chupa isiingie."

"Mwambie mdogo wako asante. Hii ni choki. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke haraka. Kwa hiyo asubuhi injini inataka petroli zaidi kidogo na hewa kidogo. Ukivuta kishikio cha choki kule ndani, kibati hiki kinaziba mdomo, mvuto unazidi, petroli inapanda zaidi kutoka kwenye jeti. Kazi yote uliyokuwa unaifanya kwa chupa, waliotengeneza gari walishaiweka hapa. Nyinyi mkaifunga kamba."

"Kile kishikio karibu na usukani?" niliuliza. "Mimi huwa natundikia kitambaa."

"Toa kitambaa, mama."

Mume wangu alitaka kuonyesha kwamba mkono wake bado una faida. Alichukua pini ya mama mkwe akasogea kuzibua jeti. Mama Spana alimpiga kofi kidoleni.

"Usitie pini wala waya! Kitundu hiki kimepimwa. Ukikipanua hata kwa unywele, gari litakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka jangwani. Jeti inasafishwa kwa dawa yake na upepo wa pampu. Mambo ya kufungua kabureta mwachie fundi. Kazi yako ni kulinda chujio lisitoke."

Alisafisha kila kitundu. Aliweka gasketi mpya, ile karatasi ya kuziba maungio. Alikata ule waya, akalainisha kebo ya choki. Alibadilisha kichujio kidogo cha petroli. Binti yetu aliuosha ule mfuniko kwa sabuni, ukakauka juani, ukapata chujio jipya ndani yake. Kuku walifuata nyuma yake wakilalamika. Mama mkwe akawapa sufuria lililovunjika mpini.

Asubuhi, ukungu ulikuwa palepale. Boneti ilikuwa imefungwa. Mume wangu alikaa mwenyewe kwenye usukani, mimi kando yake, kwa sababu mkono wenye bendeji usingeweza kubeba trei.

"Vuta choki," nilimwambia.

"Najua."

"Kanyaga mafuta mara moja, uachie."

"Mke wangu, nilikuwepo jana."

Akageuza ufunguo. Injini ilizunguka kidogo, ikashika. Ilinguruma juu juu kwanza. Alingoja, akarudisha choki ndani kidogo kidogo jinsi injini ilivyopata joto, mpaka ikatulia. Ukisahau kuirudisha, gari linatoa moshi mweusi na kumaliza petroli bure. Tulitoka getini bila hata yai moja kupasuka.

Nakuandikia wewe mwenye gari, wewe mwenye pikipiki, wewe mwenye mashine ya kusaga au jenereta. Vyote vinaweza kuwa na kabureta. Wewe mama unayeitwa kushika ufunguo, una haki ya kusema hapana. Mchuma janga hula na wa kwao. Sema hapana, kisha mlete fundi siku hiyohiyo, ili hapana yako iwe na miguu.

Duka la tatu siku ile lilikuwa giza. Umeme ulikuwa umekatika, na mwenye duka alikuwa uani amechuchumaa juu ya jenereta lake. Chujio la hewa lilikuwa chini kwenye vumbi. Mkononi alikuwa na chupa ya petroli.

"Subirini kidogo," alisema bila kuinua kichwa. "Hili limezoea kunyweshwa kwanza."

Mimi nilisimama na trei mikononi. Mume wangu hakupiga kelele. Alikwenda akachuchumaa mbele ya yule bwana, uso kwa uso.

"Nitazame," alisema.

Mwenye duka akainua macho. Akaona ngozi nyekundu. Akaona nywele zilizojikunja. Akatafuta nyusi, hakuziona.

"Ndugu yangu, umefanyaje?"

"Nilifanya hivyo unavyofanya."

Yule bwana alibaki amemtazama. Kisha akakaza kizibo cha chupa, akaisogeza mbali, akafuta mikono yake kwenye suruali. Mume wangu alirudisha chujio mahali pake. Alingoja petroli iliyomwagika ikauke. Akaitafuta choki, akaisukuma ikafunga, akamwonyesha kamba ya kuvutia.

"Vuta wewe," alisema. "Mimi mkono unauma."

Taa za duka ziliwaka. Nikaingia nikaweka trei juu ya kaunta.